Nukta Mkato

Tartu, mwezi wa pili. Mto umelala chini ya barafu.
Mhariri wa jarida ananiandikia kwa adabu zote:
kuanzia mwaka huu mhakiki ataweka jina,
na maoni yake yatachapwa ubavuni mwa makala,
ayasome atakaye.

Miaka ishirini na miwili sikuwa na jina.
Nilikuwa Mhakiki wa Pili.
Nilikula karamu za watu nyuma ya pazia,
nikapima chumvi, nikatema, nikajifuta mdomo,
nikaondoka bila kuaga.
Bila malipo pia, tusisahau:
jarida linalowatoza waandishi yuro elfu mbili
halijanipa hata kalamu.

Mswada wa leo ni wa Helve Raudsik,
mlango wa tatu kutoka kwangu.
Ni habari ya chavua iliyozikwa kwenye matope ya kinamasi:
misonobari, mibetula, nafaka za kwanza,
punje kwa punje chini ya hadubini,
majira ya baridi manne ya shingo iliyoinama.

Namjua Helve. Miaka saba iliyopita
alijifungia ofisini siku tatu
kwa sababu ya mistari sita ya mtu asiye na jina:
*Mwandishi hajui kuhesabu;
afadhali arudi darasani;*
na kadhalika.
Siku ya nne nilimpelekea kahawa.
Nikamwambia, wahakiki hawana utu, Helve.
Akasema, asante, Ülar.
Akainywa yote, akanirudishia kikombe.

Kikulacho.
Sitaimalizia methali hiyo.

Sasa nimekaa usiku wa nne na mswada huu.
Jedwali la tatu lina kosa, kosa la kweli,
asilimia zinazozidi mia.
Zamani ningelikata kwa wembe, nikalala.
Leo kila neno nalipima mara mbili,
na sijui ninachokiogopa: kumuumiza,
au kuonekana nikimuumiza.
Nimefuta "kwa bahati mbaya". Nimeirudisha.
Nimeandika "naomba mwandishi atazame tena",
nami sijawahi kuomba.

Eliise, mtafiti kijana wa ghorofa ya chini,
amekataa kabisa kuweka jina lake.
Nilimwita mwoga, kwenye chumba cha chai, mbele ya watu.
Akaniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye supu:
mkataba wako unaisha lini, profesa?
Wangu unaisha Agosti.
Na anayegawa fedha za utafiti
ndiye ninayetakiwa kumwambia kwamba amekosea.
Sikuwa na jibu.
Pazia lile lile lililonificha mimi na wembe wangu
ndilo blanketi lake.

Nimetuma. Jina langu chini, kamili,
Ülar Kivisaar, na idara, na anwani.

Wiki mbili baadaye, kwenye vigingi vya makoti,
Helve anakung'uta theluji viatuni.
Jedwali nimelirekebisha, anasema. Ulikuwa sahihi.
Kisha, akihangaika na zipu:
ya kwanza pia niliijua ni yako.
Idara nzima ni wewe tu
unayeweka nukta mkato pale ambapo watu hupumua.

Nikabaki nimeshika skafu.

Kahawa ilikuwa nzuri, anasema.
Na hesabu zangu, mwaka ule, zilikuwa sawa.

Akapanda ngazi. Sikumfuata.

Usiku huu nimeifukua ile barua ya kale,
mistari sita, haina mwenyewe.
Hakuna mhariri atakayeichapa wala anayeidai.
Nimeweka mshale chini kabisa, penye weupe.
Jina langu huanza na herufi yenye nukta mbili juu yake,
kama macho.
Nimeandika hiyo moja.
Inanitazama.